Nyumba ya Kupanga, Mboga za Kwako

Madereva wa malori wanaopita Ruanda, wilayani Mbozi, hawana habari na kilichoko nyuma ya nyumba za barabarani. Wao wanawahi foleni ya Tunduma, wavuke Nakonde, waingie Zambia na kwingineko. Lakini ukiacha lami ukaingia mitaani, utakutana na jambo ambalo wapangaji wengi wa Mkoa wa Songwe wanalijua: nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, dalali ameisifia dari, umeme na geti, ila uani kumegeuka pori. Nyasi zinafika kiunoni. Mabua ya mahindi ya misimu iliyopita yamelala chini. Minyaa ya uzio imerefuka mpaka inagusa bati, na katikati ya majani imezama ndoo iliyotoboka, chupa na kandambili za mpangaji aliyehama.

Pori hilo halikuja kwa uzembe peke yake. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa, na tangu hapo walimu, wauguzi, maofisa na wafanyabiashara wamekuwa wakija na kuondoka. Uhamisho ukitoka, nyumba inabaki tupu. Na huku mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati mwingine ikagusa Mei. Nyumba ikipitiwa na msimu huo bila mtu, basi tena. Ardhi inayostawisha kahawa, mahindi na maharage ya Mbozi haiwezi kuyanyima magugu.

Mpangaji mpya akiliona pori hilo, anajiuliza: kwa nini nitoe jasho langu na hela yangu kwenye ardhi ya mtu? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba bustani ya mpangaji haitaki hela nyingi, inataka kalenda. Ukijua mkataba wako unaisha lini na mvua inaanza lini, utajua cha kufyeka, cha kupanda na cha kuacha. Anayelipa kodi ya miezi sita akapanda mparachichi, amempandia mwingine. Anayelipa kodi hiyohiyo akapanda chainizi, atakuwa amekula na kupanda tena kabla kodi haijaisha.

Kwanza ruhusa, ndipo jembe

Kazi ya mwanzo haihitaji panga. Ni kumpigia simu mwenye nyumba au kwenda kumwona: "Shikamoo mzee. Naomba nisafishe uani, nipande mboga za muda mfupi. Miti yako siigusi." Maneno hayo yanatosha kwa sababu yanajibu hofu yake kabla hajaitamka. Wenye nyumba wengi hawaogopi mchicha, wanaogopa mti.

Hofu hiyo ina historia. Katika jamii nyingi za nchi hii, aliyepanda mti wa kudumu anahesabiwa kuwa ana neno katika ardhi ile. Mti ni shahidi wake. Zanzibar inatoa mfano ulio wazi. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wenye mashamba ya mikarafuu waliwaruhusu watu kukaa mashambani na kulima muhogo na vyakula vingine chini ya mikarafuu, nao wakawa wanapalilia shamba la mwenyewe. Chakula kilikuwa cha mkaaji, mikarafuu na minazi ni ya mwenye shamba. Siasa za miaka ya 1950 zilipopamba moto mapatano hayo yakavurugika, baadhi ya wenye mashamba wakawafukuza wakaaji wao, na uchungu wa waliofukuzwa ukawa sehemu ya yaliyotangulia Mapinduzi ya 1964.

Mpangaji wa Ruanda hana mikarafuu ya kupalilia, lakini mapatano ni ya namna ileile: mimi nakusafishia, wewe unaniachia nile mboga. Ni heri yasemwe mapema. Miti ipi ni yake, na matunda yanachumwa na nani? Uzio wa minyaa unaruhusiwa kupunguzwa? Takataka zilizokutwa zitatolewa na nani? Bili ya maji ya kumwagilia inalipwaje? Na ukiambiwa uhame mboga zikiwa bado ardhini, itakuwaje? Kama uani mnashirikiana wapangaji kadhaa, gaweni matuta kabla ya kulima, maana ugomvi wa matembele huwa mkubwa kuliko matembele yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi la kumwuliza mwenye nyumba wa Mbozi. Ndani ya pori lake huenda kuna mikahawa iliyozeeka, imerefuka bila kupogolewa, inazaa vichache juu ambako mkono haufiki. Mikahawa hiyo si lazima ing'olewe. Shina likikatwa kwa mshazari, kiasi cha goti kutoka ardhini, linachipua upya. Yakibakizwa machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mti unarudi kuzaa baada ya takribani miaka miwili. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, wana kituo Mbimba, hapahapa Mbozi, na kazi ya kufufua mikahawa mikongwe wanaijua. Mavuno hayo hayatakuwa yako. Ila mwenye nyumba aliyefufuliwa mikahawa yake hatakuwa mgumu ukimwomba upunguze minyaa.

Fyeka kuanzia mlangoni

Watu wengi husubiri mvua ya kwanza ndipo washike jembe. Kwa bustani iliyogeuka pori, huko ni kuchelewa. Miezi ya kufyeka ni Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na udongo mkavu, kwa sababu mzizi ulionyanyuliwa juani hufa, na mzizi ulionyanyuliwa mvuani huanza maisha mapya.

Vaa buti na nguo ya mikono mirefu. Kifutu ana tabia inayomfanya awe hatari kuliko nyoka wengi: hakimbii. Anajilaza kwenye majani makavu yenye rangi yake na anasubiri mpaka akanyagwe. Kwa hiyo piga majani kwa fimbo ndefu kabla ya kutia mguu, na anza kufyeka mlangoni ukielekea nje. Anayeanza pembezoni akizunguka kuja katikati huwasukuma wadudu na nyoka wote kwenye nyumba yake. Rundo la tofali na mabati livutwe kwa jembe la mpini mrefu. Mkono usitangulie pasipoonekana.

Minyaa nayo ina lake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaumiza vibaya na unaweza kuleta upofu. Ikatwe siku isiyo na upepo, mkataji akiwa amevaa miwani, watoto wakiwa mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso.

Kabla ya kufyeka, tazama unachofyeka. Humo porini huwa kuna mboga zilizojiotea: mnavu, mchicha pori, mlenda, pengine majani ya maboga yaliyotambaa kutoka jalala la zamani. Hata kishona nguo, kile kinachotubandika visindano kwenye suruali, majani yake machanga huliwa. Ziwekee vijiti mboga hizo ili panga lisizipitie. Hiyo ni bustani uliyopewa bure.

Takataka zitenganishwe. Chupa na bati ziende upande wake, plastiki upande wake. Ndoo na makopo yanayotuamisha maji ndiyo nyumba ya mbu, yaondoke kwanza. Ukikuta betri zilizooza au oili chafu ya gari, mahali hapo pasipandwe mboga za majani. Vilevile usilime matuta juu ya shimo la choo au karibu na karo linalovuja.

Kishawishi kikubwa cha kiangazi ni kiberiti. Moto unasafisha kwa nusu saa kazi ya siku nzima, ndiyo sababu watu wanaupenda. Lakini upepo wa Oktoba hauna adabu. Unaweza kuupeleka moto kwenye banda la jirani kabla hujafika bombani. Na hata usipovuka mpaka, moto unachoma nyasi za juu ambazo ungezitumia kufunika udongo, na magugu mabaya zaidi, yenye mizizi chini, hauyafikii. Nyasi zilizofyekwa zilaze kando. Zina kazi baadaye.

Nguvu kazi ipo. Tangu Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku ile kuwa ya usafi nchi nzima, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi imewekwa kuwa siku ya usafi wa mazingira. Mitaa mingi huishia kufagia barabarani na kuzibua mitaro. Wapangaji wa nyumba moja wakikubaliana, asubuhi hiyohiyo wanaweza kulisafisha pori la uani bila kumlipa kibarua.

Adui anaitwa sangari

Nyasi ndefu zinatisha macho, lakini anayeumiza kiuno ni sangari. Juu ya ardhi ni jani dogo, la kijani kibichi, linaloweza kudhaniwa ukoka wa kupambia uwanja. Chimba kiganja kimoja chini ndipo utamjua: mizizi myeupe, mirefu, yenye ncha kali na vifundo, imesukana mpaka udongo unanyanyuka kama mkeka. Kila kifundo kinaweza kuota. Ukiupiga mkeka huo kwa jembe la kawaida, unaukata vipande, na kila kipande ni mche mpya. Ndiyo maana mtu analima leo, eneo linapendeza, na wiki tatu baadaye sangari limerudi zito kuliko mwanzo.

Dawa yake ya bei nafuu ni jembe la uma na uvumilivu. Chomeka meno, nyanyua bila kukata, tikisa udongo udondoke, kisha vuta mizizi kwa mkono uifuate mpaka mwisho wake. Itandaze juu ya bati au mawe siku kadhaa za jua kali hadi ikivunjwa ilie. Ikiwa mbichi usiitupe kwenye biwi la mboji, maana utaisambaza mwenyewe pamoja na mbolea. Ndago husumbua kwa njia nyingine: ina vijikunde vidogo vyeusi chini ya ardhi, na ukivuta majani tu, vijikunde vinabaki na kuchipua. Nayo ichimbuliwe, vijikunde viokotwe.

Kwa hiyo usilime uwanja wote kwa mkupuo. Tuta moja lenye upana wa mita moja, ambalo mtu analifikia katikati kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, likisafishwa mpaka mzizi wa mwisho, linalisha zaidi ya robo eka iliyoparurwa. Lingine litafuata wiki ijayo.

Sehemu usiyoiwahi, ifunike. Tunduma ni mji wa mpakani na maduka yake yanatupa maboksi kila siku. Bandua gundi za plastiki, yatandaze yakipandana kingo, yamwagie maji, kisha laza juu yake zile nyasi ulizofyeka. Gizani magugu yanakosa chakula, na boksi lenyewe linaoza na kuwa sehemu ya udongo. Mvua zikishakolea, pasua tundu upande maboga au viazi vitamu. Sangari halipendi kivuli, na majani ya maboga yanajua kufunika.

Wapo watakaoshauri dawa ya kuua magugu. Glaifoseti huua sangari pale tu linapokuwa bichi na linakua. Kuipulizia kwenye nyasi zilizokauka kiangazi ni kutupa hela. Kwenye uwanja mdogo wenye watoto na kuku, jembe la uma linatosha.

Hela iende wapi

Kununua kila kitu dukani ni njia ya haraka ya kuichukia bustani. Hela kidogo iliyopo iende kwenye jembe imara na mbegu nzuri. Fyekeo, reki na toroli viazimwe. Vinahitajika siku chache tu, na mtu anayeazima toroli huwa anarudi nalo na mafungu ya mboga.

Mbolea Mbozi si ya kununua kwa kilo. Kuna mabanda ya ng'ombe na kuku, na wenye mabanda hufurahi kupunguziwa. Samadi ya kuku ni kali. Ikae kwanza ioze, la sivyo inaunguza miche. Kuna pia maganda ya kahawa. Msimu wa kuvuna, katikati ya mwaka, mashine za kukoboa kahawa mbivu huacha marundo ya maganda mekundu. Yakiwa mabichi yanachachuka na kunuka, lakini yakirundikwa miezi michache na kugeuzwa pamoja na nyasi na samadi, yanatoa mboji nyeusi nzuri. Alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara, majani yake yanaoza haraka na yana rutuba nyingi; yakatwe na kuchanganywa kwenye tuta kabla ya kupanda. Majivu ya jikoni hupunguza uchachu wa udongo, ila kwa kunyunyiza, si kwa kumwaga.

Na mbegu? Pakiti ndogo ya chainizi, mchicha au figiri inatosha matuta kadhaa. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina ambavyo jirani hatakudai. Maboga yako jikoni: mbegu za boga ulilopika Jumapili zikaushe, uzipande mvua ikianza. Sukuma wiki iliyozeeka huchipua pembeni, na chipukizi likibanduliwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu linatoa mizizi.

Panda kwa kalenda ya mkataba

Hapa ndipo hesabu ya mpangaji inapotofautiana na ya mwenye nyumba. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Figiri na chainizi zinataka mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Sukuma wiki inaanza kutoa baada ya miezi miwili, kisha inaendelea kutoa kwa miezi kadhaa. Maharage, yakiwemo ya Uyole yanayopendwa Nyanda za Juu Kusini, yanakomaa kwa miezi mitatu hivi. Nyanya, kuanzia kupandikizwa, nayo inakaribia miezi mitatu. Viazi mviringo vinataka mitatu hadi minne. Mpapai unataka karibu mwaka. Mgomba, kwenye baridi ya huku, unaweza kupita mwaka mzima ukielekea wa pili. Mparachichi wa kubebesha unataka miaka kama mitatu.

Sasa laza orodha hiyo juu ya risiti yako ya kodi. Aliyelipa miezi mitatu apande mchicha, figiri na chainizi, arudie. Mwenye miezi sita aongeze sukuma wiki na maharage. Mwenye mwaka mmoja na dalili ya kuendelea anaweza kuthubutu viazi, nyanya na papai. Mti wa kudumu upandwe kwa makubaliano tu, miche akiinunua mwenye nyumba. Mahindi nayo yaulizwe kwanza: halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo zinazozuia mazao marefu karibu na makazi.

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1970 hawatashangaa kuona mboga mlangoni. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilihimiza kila kipande cha ardhi kilimwe, mijini na vijijini, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai iliyofundisha lishe kwa redio na vikundi vya kusoma. Nusu karne baadaye somo halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, majirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, mikoa inayolisha nchi mahindi. Ghala linaweza kujaa na sahani ya mtoto ikakosa rangi ya kijani. Matuta mawili ya mboga nyuma ya nyumba hayamalizi tatizo hilo, lakini yanaondoa kisingizio cha siku ambazo hela ya mboga haipo.

Kiangazi ndicho kitakachokupima. Wakati wa mvua matuta yanyanyuliwe ili maji yasituame. Kuanzia Mei yashushwe, yawe mabonde mafupi yanayoshika kila tone. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini moja kwa moja, jioni, kwenye mashina, chini ya matandazo ya nyasi. Juni na Julai baridi ya Mbozi hupunguza kasi ya mimea, kwa hiyo panda kidogo kwa wakati huo na tumia miezi hiyo kutengeneza mboji.

Andikeni

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1922 kuhusu bustani za kukodi ilimpa mkodi anayeondolewa na mwenye ardhi haki ya kufidiwa mazao yaliyo shambani na mbolea aliyoitia. Waliotunga sheria hiyo walielewa kuwa jasho la mpangaji hubaki kwenye udongo baada ya yeye kuhama. Kwetu hatuhitaji kusubiri Bunge. Mikataba mingi ya nyumba Songwe ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, ina kodi, tarehe na sahihi za pande mbili. Nafasi ya mistari mitatu haikosekani:

"Mpangaji atautunza uwanja wa nyuma na atavuna mazao ya msimu atakayopanda. Miti ya kudumu ni mali ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akimtaka mpangaji ahame kabla ya mavuno, atampa muda wa kuvuna au watakubaliana fidia."

Mwenye nyumba anapata uwanja safi usio na nyoka wala mbu, na nyumba rahisi kumwonyesha mpangaji anayefuata. Mpangaji anapata mboga na usingizi. Mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi ya ushahidi, kila upande ubaki na nakala yake, na kazi ianze kabla Novemba haijaingia.